Kupanga gurudumu, swichi na pedali za kinanda kabla ya Jumapili

Kila Jumamosi jioni, mazoezi ya kwaya yanapomalizika, mimi hubaki kanisani kwa nusu saa hivi nikiwa nimekiinamia kinanda, na mtu anayepita dirishani husikia noti moja ikirudiwa mara nyingi, kisha kimya, kisha noti ile ile tena. Wengi hudhani kwamba ninatafuta sauti mpya. Sauti huwa nimeshazichagua katikati ya wiki. Kinachobaki ni kuamua magurudumu mawili yaliyo kushoto, swichi mbili zilizo juu yake, nobu nne (vifundo vya kuzungusha) na pedali mbili zitafanya kazi gani katika kila wimbo wa kesho. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa hapa Kisumu, kwanza katika kanisa dogo la mabati huko Manyatta na sasa katika kanisa lililo karibu na Kondele, na naamini kuwa ndiyo sehemu ya upigaji kinanda ambayo vijana wetu hufundishwa kwa uchache kuliko zote.

Kijana anapokuja kujifunza, swali lake la kwanza kuhusu sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme chenye sauti za ala nyingi, ni idadi ya sauti zilizomo. Ni nadra aniulize gurudumu lile linafanya nini ndani ya sauti aliyoichagua, ilhali sauti ya filimbi ambayo haipumui na sauti ya fidla ambayo haitelezi zitabaki kuwa mfano tu wa filimbi na fidla, hata ziwe zimerekodiwa kwa ustadi wa namna gani. Vidole huchagua noti, lakini kile kinachoifanya noti iishi baada ya kupigwa hutoka kwenye vidhibiti, yaani magurudumu, swichi, nobu na pedali.

Inafaa kwanza kuelewa kinachotokea unapokigusa kidhibiti chochote. Kinanda hutuma ujumbe mfupi kwa lugha ya MIDI, ambayo ala za muziki za umeme hutumia kuwasiliana, na ambayo ilionyeshwa hadharani Januari 1983 kwenye maonyesho ya ala za muziki huko Anaheim, Marekani, ambapo kinanda cha Prophet-600 kiliunganishwa kwa waya na kile cha Roland Jupiter-6, na kimoja kikapigwa kupitia kingine. Waliosukuma kazi hiyo zaidi ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, na wote wawili walitunukiwa tuzo ya muziki ya Technical Grammy mwaka 2013. Ujumbe wa kidhibiti una sehemu tatu: chaneli moja kati ya 16, namba ya kidhibiti, na kiwango kuanzia 0 hadi 127. Gurudumu la modulesheni, yaani la kutetemesha noti, ni namba 1, sauti ya jumla ni namba 7, ekspresheni, yaani kupandisha na kushusha sauti wimbo ukiendelea, ni namba 11, pedali ya kushikilia noti ni namba 64, ung'avu wa sauti ni namba 74, na mwangwi ni namba 91. Namba hizi sita ndizo ninazowaomba wanafunzi wangu wazikariri, kwa sababu menyu za vinanda hutofautiana sana kati ya kampuni na kampuni, lakini namba hazibadiliki, na anayezijua anaweza kuketi mbele ya kinanda asichowahi kukiona na kujua anatafuta nini.

Nitaanza na pedali ya kushikilia noti, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha kwa uchungu. Jumapili moja, katikati ya wimbo wa sadaka, stima ilipotea. Mpiga ngoma na kwaya waliendelea, nami nikabaki nimeketi na mguu wangu juu ya pedali, kama ulivyokuwa stima ilipokatika. Jenereta ilipowashwa, kinanda kikawaka, nikaingia tena pamoja na kwaya, na noti zote nilizopiga zikaganda, moja juu ya nyingine, hadi sauti ikawa kama kelele za nyuki. Nilipoinua mguu noti ziliendelea kulia, nilipokanyaga, zikakatika. Kwaya ilipotea kabisa kwenye ubeti wa tatu, na kiongozi wao akaomba wimbo uanzwe upya. Siku ile nilidhani pedali imeharibika, nikaibeba Jumatatu hadi kwa fundi wa redio pale Kibuye, ambaye aliipima na kuniambia kwa upole kwamba ni nzima.

Ilikuwa nzima kweli. Ndani ya pedali ya kawaida mna vipande viwili vya chuma. Katika aina moja vipande hivyo huachana pedali inapotulia na kugusana unapokanyaga. Katika aina nyingine ni kinyume chake. Ili kumwondolea mnunuzi usumbufu, vinanda vingi husoma hali ya pedali wakati vinapowashwa na kuichukulia kuwa ndiyo hali ya kutulia. Mguu ukiwa juu ya pedali wakati huo, kinanda huamini kwamba kukanyagwa ndiko kupumzika, na kila kitu hugeuka. Dawa yake ni kuondoa mguu, kuzima kinanda na kukiwasha tena. Iwapo kinanda chako kina mahali kwenye menyu pa kuchagua mwelekeo wa pedali, chagua mwenyewe badala ya kukiachia kikisie, na uangalie pia chini ya pedali yenyewe, kwani nyingine zina kiswichi kidogo cha kubadilisha mwelekeo huo. Katika mji ambao stima hukatika bila taarifa, hasa mvua ya alasiri inapopanda kutoka ziwani, jambo hili si dogo.

Kuna kosa jingine la pedali hiyo ambalo halitokani na umeme, na nalisikia karibu kila kanisa ninaloalikwa. Mpiga kinanda hugawa vibao sehemu mbili, besi mkono wa kushoto na piano mkono wa kulia, kisha hukanyaga pedali kama apigaye piano peke yake. Piano hupendeza kwa kushikiliwa, lakini besi hushikiliwa pia, noti ya G inakuwa bado inalia wakati C imeshaingia, na chini ya wimbo mzima panakuwa na matope. Waumini hawawezi kusema ni nini kinachowasumbua, ila huimba kwa woga kwa sababu hawaisikii noti ya msingi waliyotakiwa kuisimamia. Karibu kila sinthesaiza inayoruhusu kugawa vibao huruhusu pia kuchagua ni sehemu ipi itakayoitikia pedali. Ingia kwenye mpangilio wa sehemu ya besi, tafuta palipoandikwa kupokea kidhibiti namba 64, na uzime. Ni kazi ya dakika moja, na ningemwomba kila mpiga kinanda wa kanisa aifanye kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Wapo wanaoona kutumia miguu katika muziki kuwa ni jambo lililokuja na mashine. Lakini mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akaigonga kwenye mti wa ala yake kushika mdundo, na njuga ziitwazo gara hulia mguuni mwake wakati vidole vyake vikicheza kwenye nyuzi nane. Mguu wake hauko pale kusaidia mikono kwa bahati. Una kazi yake unayoifahamu. Ndivyo ninavyotaka mguu wa mpiga kinanda uwe: wa kulia kwenye pedali ya kushikilia, wa kushoto kwenye pedali ya ekspresheni, kila Jumapili, bila kubadilishana.

Pedali hii ya pili niliipuuza kwa muda mrefu. Nilikuwa nikiongeza na kupunguza sauti kwa mkono, nikinyoosha kidole hadi kwenye slaida pale nilipopata nafasi. Siku moja baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya, mtu mzima ambaye ameimba sauti ya pili tangu kabla sijazaliwa, alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, kinanda chako ni kizuri, lakini kinaimba juu ya maneno yetu." Nilimshukuru, nikaenda nyumbani nikasikiliza rekodi ya simu ya ibada ile, na alikuwa amesema kweli. Nyuzi, yaani sauti ya fidla nyingi kwa pamoja, nilizokuwa nikishikilia chini ya waimbaji zilikuwa na kiwango kilekile mwanzo wa ubeti hadi mwisho, zikifunika kila neno la kunong'ona.

Wiki hiyo nilitafuta pedali ya ekspresheni iliyotumika, na hapo nikajifunza mambo mawili. La kwanza ni la waya. Ukiitazama plagi ya pedali ya kushikilia utaona mkanda mmoja mweusi karibu na ncha. Plagi ya ekspresheni ina mikanda miwili, maana inabeba mawasiliano matatu. Kampuni hazikukubaliana ni sehemu ipi ya plagi ibebe nini, kiasi kwamba pedali ya kampuni moja ikichomekwa kwenye kinanda cha nyingine huenda isibadilishe chochote hadi ifike karibu na mwisho, kisha sauti ikaruka yote kwa pamoja. Ni vyema kuibeba pedali dukani pamoja na kinanda chako, au angalau kuchagua ile yenye kiswichi cha kubadilisha mpangilio huo wa waya.

La pili ni namba ambayo pedali itatuma. Vinanda vingine huipa pedali hiyo namba 7, ambayo ni sauti ya jumla, na hapo huleta shida, kwa kuwa namba 7 ndiyo uliyoitumia kusawazisha piano na nyuzi na besi zisishindane. Ukiikanyaga pedali, usawazishaji wako wote unavurugika, na huwezi tena kuurudisha pale ulipokuwa. Ipe pedali namba 11. Ekspresheni hufanya kazi ndani ya kiwango ambacho namba 7 imekiweka: namba 7 ni urefu wa dari, namba 11 ni mahali mtu aliposimama chini ya dari hiyo. Mimi huweka pia kiwango cha chini kuwa 35 badala ya 0, ili hata mguu ukirudi nyuma kabisa nyuzi zisitoweke, bali zibaki kama pumzi chini ya waimbaji. Kisha, kama ilivyo kwa besi na pedali ya kushikilia, huwa ninaruhusu nyuzi peke yake ziitikie ekspresheni, nayo piano naiachia vidole.

Sasa magurudumu, ambayo ndiyo ninayoyapenda zaidi. Mpangilio wa magurudumu mawili upande wa kushoto ulienea kutoka kwenye Minimoog ya mwaka 1970, na kampuni nyingine kama Roland zilichagua kijiti kimoja kinachosogezwa kushoto na kulia kupinda noti, na kusukumwa mbele kwa modulesheni. Gurudumu la kupinda noti ni tofauti na vidhibiti vingine: halitumii hatua 128, bali 16,384, na katikati yake ni 8,192, kwa kuwa sikio la mwanadamu hugundua upesi sana noti inapopanda kwa vipande badala ya kuteleza. Kiwango chake cha kawaida ni nusu toni mbili juu na mbili chini. Baadhi ya vijana hukipandisha hadi 12 kwa ajili ya mbwembwe, na matokeo yake ni kwamba kusogeza gurudumu kidogo tu kunairusha noti nje ya wimbo. Kwa kuimba pamoja na watu, mbili zinatosha.

Niliielewa thamani ya gurudumu hilo kwa kumtazama mzee mmoja kutoka Seme anayepiga orutu. Orutu ina uzi mmoja, haina vigawio kwenye shingo, na uta wake hauachi uzi kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeombwa kupiga nyimbo za sifa za Kiluo katika harusi, na sauti ya fidla ndani ya kinanda ilikuwa inanikatalia. Ilikuwa safi mno, kama mgeni aliyevaa suti shambani. Mzee alinipigia sentensi moja ya muziki mara tatu polepole huku nikimtazama vidole, na nikaona kwamba karibu hakuna noti anayoianza pale inapopaswa kukaa. Huanza chini yake kidogo, kisha hupanda, na anapofika hutetemesha kwa muda mfupi tu kabla ya kuondoka. Nilipomuuliza kwa nini hatetemeshi mapema, alinijibu, "Mtu hufika kwanza nyumbani, ndipo anaanza kuzungumza."

Nilirudi kwenye kinanda nikiwa na kazi ya kufanya. Kwanza niliifanya sauti ile ya fidla iwe ya noti moja moja, kwa kuwa uzi mmoja hauwezi kulia noti mbili. Pili, niliwasha portamento, yaani mtelezo kutoka noti hadi noti, lakini nikaichagulia itokee pale tu ninapounganisha vidole bila kuinua, na muda wake nikaufupisha hadi ukawa unasikika kwa shida. Mtelezo mrefu hugeuka kuwa king'ora. Tatu, nilijizoeza kulivuta gurudumu la kupinda chini kabla ya kubonyeza noti, kisha kuliachia lirudi katikati noti ikiwa inalia, na kwa hilo noti huanza chini na kupanda kama alivyofanya mzee. Nne ni modulesheni. Katika sauti nyingi zilizotoka kiwandani, gurudumu likisukumwa hadi mwisho mtetemo huwa mpana kupita kiasi, ukifaa zaidi filamu za kutisha. Niliingia kwenye mpangilio wa sauti, nikapunguza kina cha mtetemo hadi karibu theluthi moja, na kasi yake nikaiweka mara 5 au 6 kwa sekunde. Sasa gurudumu lote, kutoka chini hadi juu, linatumika, na mkono hauhitaji kuwa na woga wa kuvuka mpaka.

Jambo moja lilibaki kunitatiza kwa wiki mbili. Nikipinda fidla, piano iliyokuwa chini yake ilipinda pia, na piano inayopinda husikika kama kaseti ya zamani iliyoloa maji. Sababu ni kwamba sauti zilizopangwa tabaka juu ya tabaka hupokea ujumbe uleule. Suluhisho ni lilelile la besi na pedali: kwa kila sehemu ya sauti, chagua ni vidhibiti gani inaviitikia, na uzime vilivyosalia.

Kuhusu swichi nitasema machache. Kabla ya kuipa swichi kazi, amua kama itabaki imewaka baada ya kubonyezwa, au itafanya kazi wakati kidole kimeishikilia tu. Kwa sauti ya ogani, mimi huipa swichi ya kwanza kazi ya kubadilisha mwigo wa spika inayozunguka, ule unaoiyumbisha sauti ya ogani, kutoka polepole hadi haraka, na huifanya ibaki ilipo, kwa sababu mikono yote miwili inahitajika kwenye noti. Swichi ya pili huipandisha noti kwa okta moja, na hiyo huifanya ya kushikilia tu, ili nisije nikaisahau imewaka nikaingia kwenye wimbo wa toba kwa sauti ya juu.

Nobu nne huzipanga kwa mpangilio mmoja katika nyimbo zote: ung'avu, mwangwi, muda wa noti kufifia, na muda wa noti kuingia. Ung'avu hukaa wa kwanza kwa sababu ya mabati. Mvua kubwa inapoanza kunyesha juu ya paa, sauti laini za nyuzi humezwa mara moja, na kuongeza sauti ya jumla huleta mlio wa spika bila kuleta uwazi. Kinachosaidia ni kufungua namba 74 kidogo ili sauti iwe na makali ya kupenya, na kupunguza namba 91, kwa kuwa jengo lenyewe tayari limejaa ngurumo. Mvua ikipungua, narudisha.

Nobu hizo zina tabia moja inayowashangaza wengi. Ukitoka wimbo mmoja kwenda mwingine, kinanda hukumbuka viwango vya wimbo mpya, lakini nobu yenyewe imebaki ilipokuwa. Ukiigusa, kiwango huruka kutoka kile kilichohifadhiwa hadi pale nobu ilipo, na kanisa zima husikia mruko huo. Tafuta kwenye menyu mpangilio unaoifanya nobu isianze kazi hadi ipite kwenye kiwango kilichohifadhiwa. Kila kampuni ina jina lake kwa mpangilio huo, lakini upo kwenye vinanda vingi vya miaka ya karibuni, na ukishauwasha utaona unaweza kuzungusha nobu katikati ya wimbo bila hofu.

Yote haya hupotea ukizima kinanda bila kuhifadhi, na nimeona vijana wakipoteza kazi ya jioni nzima kwa njia hiyo. Mimi huhifadhi baada ya kila badiliko moja, si mwisho wa yote, na kila wimbo huupa nafasi yake yenye jina lake, kwa mpangilio wa ibada, ili kutoka wimbo mmoja hadi mwingine iwe ni kubonyeza kitufe kimoja. Kinanda cha kanisa hupigwa na watu wengine pia, kwaya ya vijana siku ya Jumatano na mikesha ya Ijumaa, kwa hiyo huwa nanakili mipangilio yote kwenye flashi ndogo ninayoifunga kwa mpira pamoja na waya wa pedali. Jumapili asubuhi huja kabla ya wengine, huirudisha mipangilio kutoka kwenye flashi, huondoa miguu yote miwili sakafuni karibu na pedali, na ndipo huwasha kinanda kwa mara ya pili.